Umerudi safari, bustani imegeuka msitu: anzia hapa

Ukirudi Nairobi baada ya wiki nyingi ugenini, bustani ndiyo inayokulaki, kwa kuwa iko pale pale kati ya geti na mlango. Sukuma zimerefuka hadi kiunoni na kubaki na majani manne utosini. Dania imechanua. Nyanya zimelala chini pamoja na vijiti vyake. Kabla hujafika barazani, mbegu za kishona nguo zimeshajaa kwenye suruali. Ndani nako televisheni inaongea, mtoto anatafuta daftari, sufuria ya chai inafurika, na kila mtu ana habari ya kukupa sasa hivi.

Mwongozo huu ni wa mwenye kipande kidogo: nyuma ya nyumba, kando ya ua, au hata magunia machache ya mboga yaliyopangwa kwenye kibaraza cha ploti. Ni wa mtu anayerudi kazini Jumatatu. Utaratibu ninaoupendekeza ni watu kwanza, maji ya pili, magugu yenye maua ya tatu, na mengine yote yasubiri. Wengi huanza na hayo mengine yote, wakaimaliza Jumamosi nzima wakinyoosha ua kwa makasi huku mbegu za magugu zikipukutika nyuma yao.

Hatua ya 1: Jioni ya kwanza usikague

Vua viatu, salimia kila mtu kwa zamu yake, wakubwa kwanza, kisha toa ulichobeba. Kama umetoka Pwani, mabuyu na achari zitafungua mazungumzo haraka kuliko maswali yako. Kama umetoka ushago, toa ndizi na mahindi mabichi. Kama umetoka ng'ambo, wape hizo chokoleti na usihesabu nani amechukua mbili.

Usizunguke bustanini ukiguna, wala usiulize, "Kwani hapa hakuna aliyekuwa anaona?" Swali hilo lina jibu, nalo utalipata ukikaa chini na kusikiliza. Mji huu unaishi kwa mgao wa maji. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kila mtaa una siku zake za kufunguliwa. Dada wa kazi akikuambia, "Mama, maji yalikuja Jumatano peke yake, tena saa nane usiku," basi amekueleza kwa nini spinachi imekauka. Alikuwa na mitungi michache, akaigawa kati ya sare za shule, choo na jikoni. Aligawa vizuri, na ni haki aambiwe hivyo, tena mbele ya watoto.

Baada ya chai, uliza tunadaiwa wapi. Nyumba yoyote iliyobaki bila mmoja wa watu wazima ina madeni madogo: dukani, kwa mama mboga, kwa mwenye mkokoteni wa maji, kwa vijana wa takataka. Yaandike yote, uyalipe kesho yake asubuhi, na anza na mama mboga, maana ndiye aliyewalisha watu wako sukuma zilipoisha. Kisha uliza ni nini kiliharibika na kikafungwa kwa kamba. Kila nyumba ina kitu cha namna hiyo: mfereji unaovuja, kitasa, mlango wa kabati. Kifanyie mpango ndani ya wiki, kwa sababu kamba ikishazoeleka huwa haitoki tena.

Kama dada wa kazi aliacha Jumapili zake ili abaki na watoto, mlipe siku hizo au umrudishie, na useme ni lini. Ukinyamaza atadhani umesahau, na pengine utakuwa umesahau kweli.

Kabla ya kulala angalia tokeni za stima zilizobaki kwenye mita, na uinue mtungi wa gesi kuupima uzito kwa mkono. Vitu hivi viwili hupenda kuisha Jumapili usiku, duka la karibu likiwa limefungwa.

Hatua ya 2: Asubuhi, tembea mikono mitupu

Kesho yake tembea bustanini bila jembe wala panga. Beba kikombe cha chai na fimbo ndefu tu. Mwenye panga mkononi hukata kilicho karibu naye, hata kama kilikuwa mti wa pasheni uliokuwa unajikokota kupona. Fimbo ni ya kufunulia nyasi ndefu kabla hujaingiza mguu. Ukiishi upande wa Karen, Lang'ata, Rongai au Kitengela, chukulia kwamba nyoka anaweza kuwepo. Kifutu hulala kimya akikuamini hutamkanyaga. Vaa gambuti. Mtu akiumwa, mguu usichezeshwe, usichanjwe wala kunyonywa, apelekwe hospitali mara moja.

Unapotembea, jiulize ni majira gani yaliyopita ukiwa mbali, kwa sababu jibu lake linakuambia utakuta nini. Ukiondoka Machi ukarudi Mei, masika yamepita hapo: magugu yatakuwa marefu na mororo, konokono wengi, na nyanya zitakuwa zimepigwa na bakajani, ule ugonjwa wa mabaka ya kahawia unaoua jani kwa siku chache penye baridi na unyevu. Ukirudi Julai au Agosti utakuta mimea imedumaa tu, kwa vile jua la Nairobi miezi hiyo hufichwa na mawingu na jiji liko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hapo usikate tamaa na mche usiokua, unangoja joto. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mwenye kurudi Februari ndiye mwenye kazi ngumu zaidi kwa maji na nyepesi zaidi kwa magugu: ardhi imepasuka, vidukari wamejaa kwenye sukuma, lakini hata magugu yamechoka.

Shika udongo pia. Magharibi na kaskazini mwa jiji, kuanzia Karen, Kangemi na Kabete kuelekea Kiambu, wengi wana ule mwekundu unaopitisha maji na kulimika karibu siku yoyote. Embakasi, Utawala, Ruai, Syokimau hadi Kitengela ni ule mweusi unaonata. Huu wa pili una siku zake. Ukiwa mkavu jembe hudunda juu yake, ukiwa na maji mengi unabeba nusu ya shamba kwa gambuti, na ukiulima ukiwa mbichi unakauka mabonge yasiyovunjika. Finyanga kidogo mkononi: ukifanya kidonge kinachovunjika kwa kukibonyeza, lima leo. Ukivutika kama chapati, ngoja siku mbili tatu.

Kuna mdudu mmoja wa kumtazamia msimu wa mvua, anayebeba jina la jiji letu duniani kote: Nairobi flai. Ni mwembamba, mwekundu kwa mweusi, na hukaa kwenye majani yanayooza na magugu yenye unyevu. Hang'ati wala hachomi. Ubaya wake uko ndani ya mwili: akipondwa juu ya ngozi hutoa sumu inayobabua, na malengelenge hujitokeza baada ya siku moja au mbili. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 watu wengi Nairobi walitembea na alama hizo shingoni na usoni. Akikutua, mpulize au mpe karatasi apande, kisha osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Hufuata mwanga, kwa hiyo bustani ikiwa imefunga namna hii, zima taa za nje usiku na funga madirisha mapema hadi umalize hatua ya nne.

Hatua ya 3: Tengeneza maji kabla hujapanda hata mbegu

Uliza ratiba ya mgao ya mtaa wako kama bado ni ile ile. Mara nyingi hubadilika na anayejua ni soja wa geti au keateka. Halafu fuata maji yalivyo: tenki lina ufa? Mfereji wa nje unatiririka? Bomba la kumwagilia limechomwa na jua likapasuka? Mbu nao wana makao yao: mwaga kila kilichoshika maji ukiwa mbali, kuanzia matairi, makopo, visahani vya maua, hadi kile kindoo kilichosahauliwa nyuma ya banda la mbwa.

Maji ya kusuuzia nguo na mboga yana kazi nzuri bustanini. Weka pipa karibu na mahali pa kufulia, ukubaliane na anayefua kwamba suuza ya mwisho inamwagwa humo na suuza ya kwanza, yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo, inaenda kwenye mtaro wa maji machafu. Usiyaweke zaidi ya siku moja, yatanuka. Yamwage kwenye mizizi, usiyanyunyize juu ya majani utakayokula mabichi.

Wenye maji ya visima virefu vya mashine wawe waangalifu. Maeneo mengi ya Nairobi maji hayo yana chumvichumvi, na ukiyatumia peke yake mwaka mzima utaona unga mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikiungua. Masika na vuli kinga maji ya paa kwa wingi uwezavyo, uyatumie kwa miche midogo.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni. Mara mbili kwa wiki kwa kulowesha hasa ni afadhali kuliko kila siku kwa kunyunyizia kidogo, kwa kuwa maji ya juujuu hufundisha mizizi kubaki juujuu.

Hatua ya 4: Magugu yenye maua ndiyo dharura

Hapa ndipo penye kazi. Macho yatakuvuta kwa magugu marefu, uyaache. Gugu refu lisilo na ua linaweza kungoja wiki mbili bila kukudhuru. Gugu fupi lenye ua la leo ni mbegu za wiki ijayo, na mche mmoja wa kishona nguo, ambacho wengi hapa tunakiita mucege, unaweza kuangusha maelfu. Ukiacha yapukutike utapalilia matokeo yake misimu kadhaa.

Chukua mkasi au mundu, ndoo na gunia. Pita bustani nzima ukikata vichwa vya maua na vya mbegu tu, uviangushe ndani ya ndoo bila kuvitikisa. Vilivyokwisha kuwa vyeusi na kukauka vifunike kwanza kwa gunia, ndipo ukate. Saa moja inatosha kipande cha kawaida, na baada ya hapo unaweza kupumua. Hivi vichwa haviingii kwenye mboji ya nyumbani, kwa sababu rundo dogo halipati joto la kutosha kuua mbegu. Vitie guniani vichukuliwe na vijana wa takataka. Mifuko ya plastiki, unajua, haipo tangu marufuku ya Agosti 2017, na gunia ni bora kwa kazi hii kwa vyovyote.

Sasa tofautisha magugu ya mwaka mmoja na yale ya kudumu, kwa maana dawa ya moja ni chakula cha lingine.

Ya mwaka mmoja, kama kishona nguo chenyewe, yakate usawa wa ardhi na uache mizizi iozee chini. Usilime. Kila ukipindua udongo unaleta juu mbegu zilizokuwa zimelala gizani, na baada ya mvua moja una zulia jipya la kijani.

Sangari, ambayo ni ya kudumu, ni jambo lingine. Hutambaa chini kwa nyuzi nyeupe ngumu zenye ncha, na kila kipande chenye fundo kinaota. Anayeishambulia kwa jembe la kawaida anaikatakata na kuizidisha. Tumia jembe uma, siku ya pili au ya tatu baada ya mvua, uinue udongo na uvute uzi mzima polepole, ukiufuata hadi unapoishia. Hapa hakuna njia ya mkato. Anika nyuzi zote juu ya saruji kwenye jua hadi zivunjike kwa mkono.

Kongwe, yenye maua ya buluu, huota mizizi kwenye kila kifundo kinachogusa ardhi, kwa hiyo usiitupe kando ya tuta ukidhani imekufa. Ndago ina viazi vidogo chini na huwezi kuvimaliza kwa siku moja. Ing'oe kila inapochomoza, ukirudia, hadi viazi viishiwe nguvu. Uvumilivu ndio dawa yake pekee ninayoiamini. Za kupuliza sizipendi kwenye kipande cha jikoni ambapo watoto wanacheza na kuku wanadonoa.

Kabla hujatupa kila kitu, mwite shosho au dada wa kazi apite mbele yako. Terere na managu huota zenyewe katikati ya magugu, na mara nyingi bustani iliyotelekezwa ina mboga ya siku mbili ambayo hukuipanda. Chuma majani machanga, uache tunda bichi la managu, lile la kijani, kwa sababu lina sumu. Usichume kilichoota karibu na shimo la choo au palipomwagwa mafuta ya gari. Kama huna hakika na mmea, usiule.

Nyasi za Kikuyu, ikiwa una kipande cha kukalia, zikate kwa awamu. Fyeka juu kwanza, ngoja wiki moja, kisha shuka chini. Ukizinyoa hadi ardhini kwa siku moja zinabaki manjano na nafasi hiyo huchukuliwa na magugu.

Sehemu usiyoweza kuifikia mwezi huu ifunike. Fyeka, lowesha, tandika maboksi ya karatasi ngumu kutoka dukani, mawili mawili yakipandana, ukiwa umetoa gundi za plastiki, na juu yake tandaza nyasi kavu. Baada ya miezi miwili hivi utakuta udongo laini na minyoo. Watu huona aibu kufunika, kana kwamba ni uvivu. Mimi naona ndiyo akili ya mwenye Jumamosi moja.

Kibarua anasaidia sana kwa fyeko na kubeba, ilimradi mkubaliane kwa kipande na si kwa siku, na kabla hajaanza ufunge kitambaa chenye rangi kali kwa kila mmea unaotaka ubaki. Mchaichai umeng'olewa katika nyumba nyingi za jiji hili na watu wazuri waliodhani ni nyasi.

Hatua ya 5: Nani anabaki, nani anang'olewa

Sukuma zilizorefuka usizing'oe zote. Kata bua kwa kisu kikali, kama sentimita 30 kutoka ardhini, toa majani yote ya manjano, weka samadi iliyooza na maji. Likiwa bado zima na la kijani litachipua ubavuni baada ya wiki chache. Machipukizi yakifika urefu wa kidole unaweza kuyabandua na kuyapanda kama miche, na mwezi mmoja na nusu hadi miwili baadaye unachuma. Bua lililo jeusi ndani ukilikata limeoza, hilo ling'oe. Vidukari wakiwa wachache waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa mgongo wa jani na kwenye moyo wa mche. Wakiwa wamefunika kila kitu, kata kichwa chote utupe. Ukiamua kununua dawa kwenye agroveti, soma kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kuvuna na uzibandike jikoni, maana mpishi hakuwepo ulipopuliza.

Spinachi ikishatoa bua la maua imemaliza, ling'oe. Dania iliyochanua iache: mbegu zikigeuka kahawia zichume, nusu ziende kwenye kopo la viungo, nusu zipandwe. Ziponde kidogo kwa chupa zigawanyike kabla ya kuzipanda. Vitunguu vilivyotoa maua havikai ghalani, vipikwe kwanza.

Nyanya zenye mabaka, toa zote, na matunda yake, na vijiti vyake. Usizitie kwenye mboji. Na pale zilipokuwa usipande viazi, hoho, biringanya wala nyanya nyingine msimu unaofuata, kwa kuwa ni jamaa moja na huuguzana. Managu pia ni wa ukoo huo, jambo ambalo wengi hulisahau. Weka maharagwe au kunde.

Parachichi, ndimu na pasheni zikate matawi makavu tu kwa sasa. Mti mkubwa unaoning'inia juu ya barabara au kwa jirani usiuguse kabla ya kuuliza kibali cha kaunti, na kabla ya kumwambia jirani.

Hatua ya 6: Mboji

Rundo limeshajitengeneza lenyewe kwa sasa: mabua, majani, magugu yasiyo na mbegu, maganda ya viazi na ndizi kutoka jikoni. Panga tabaka la kijani na tabaka la kavu, lowesha kama kitambaa kilichokamuliwa, geuza kila wiki mbili. Kwa baridi ya Nairobi hesabu miezi mitatu au zaidi. Nyama na ugali usiweke, utafuga panya. Sangari na kongwe zilizokauka unaweza kuziloweka kwenye ndoo yenye kifuniko hadi zioze kabisa, kisha changanya kikombe kimoja cha maji hayo kwa vikombe kumi vya maji safi, umwagilie sukuma. Kifuniko ni cha lazima, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya wanaoishi na wewe.

Kuchoma takataka bustanini jioni, desturi inayopendwa sana mitaani, achana nayo. Moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto mwenye pumu, na majani uliyochoma ndiyo mbolea uliyotaka kununua.

Hatua ya 7: Panda kulingana na mwezi

Kama mvua iko wiki mbili au tatu mbele, andaa matuta sasa: debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita mbili za mraba linatosha. Samadi ya kuku isiyooza inaunguza miche, iache ikae miezi miwili mitatu. Ukitaka kujua udongo wako una nini, maabara ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete hupima udongo kwa malipo.

Kwa mboga ya haraka mwaga terere. Ndani ya mwezi mmoja unang'oa ya kwanza. Dania nayo huhitaji wiki tano au sita hivi. Miche ya sukuma na spinachi nunua kwenye vitalu vya kando ya barabara, Ngong Road ina vingi, na uchague mifupi yenye bua nene kuliko mirefu iliyonyooka kwa kutafuta jua. Sukuma ipe sentimita 45 kati ya mche na mche, na 60 kati ya mstari na mstari. Itaonekana mbalimbali mno mwanzoni. Pandikiza jioni, mwagilia, tandaza nyasi kavu kuzunguka bila kugusa bua.

Ukirudi Januari au Februari usipande kipande chote. Panda magunia mawili karibu na jikoni, yanayoweza kuishi kwa maji ya suuza, na ungoje masika.

Hatua ya 8: Rudisha zamu bila kutangaza utawala mpya

Ulipokuwa mbali, nyumba ilijipangia mambo. Mtoto mkubwa alijifunza kununua tokeni, dada wa kazi alihamisha kamba ya nguo, jirani amezoea kuegesha mkokoteni kwenu. Mipango mingine ni mizuri kuliko yako, na inayofaa iache ilivyo. Subiri wiki moja kabla ya kubadilisha lolote lisilohatarisha mtu.

Bustani iombee dakika 20 za kila siku, asubuhi kabla ya shule au jioni kabla ya taarifa ya habari, kuliko Jumamosi moja ya kila mtu akiwa amenuna. Mtoto mdogo apewe konokono wa kuokota na kopo la maji ya chumvi. Mkubwa apewe tuta lake, na auze atakachovuna kwa mama yake au baba yake kwa bei ya mama mboga. Babu akiwepo, mpe kiti kivulini na kazi ya kusahihisha kila mtu. Ataifanya hata usipompa.

Hatua ya 9: Kabla ya safari nyingine

Siku kumi kabla ya kuondoka, palilia, kata maua yote ya magugu, na tandaza nyasi kavu nene kama urefu wa kidole kila mahali. Chuma sukuma kwa kuacha majani sita juu. Usipande kitu kipya. Mboga zinazohitaji maji zihamishie karibu na mfereji, na zile ambazo huwezi kuzitunza zigawe kwa majirani zingali na utamu.

Kisha chukua karatasi moja na uandike: siku za maji, namba ya mita ya stima, simu ya fundi bomba na ya mwenye mkokoteni, mahali ilipo funguo ya pili, na mistari miwili tu kuhusu bustani. Mmoja useme ni matuta gani yamwagiliwe maji yakiwepo. Mwingine useme ni yapi yaachwe yafe maji yakikosekana. Ibandike mlangoni mwa friji, na acha pesa za maji ya mkokoteni za wiki mbili kwa mtu unayemwachia nyumba, pembeni na zile za chakula.